Mbuzi wa Misumari Miwili

Siku daktari alipouvuta mguu wa mbuzi wetu katika ua wa hospitali, tuliokuwepo ni hawa. Mama mkwe wangu, mwenye mbuzi. Mume wangu, mtoto wake wa kwanza, ajistere, yaani fundi wa kukata vyuma, wa motere za mitumbwi, ambaye karakana yake ilikuwa mtaa wa Kimanga. Binti yetu mkubwa, aliyepewa jina la bibi yake na kichwa chake pia. Yeye alikuwa amekaa nyuma ya kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, mguu mmoja umenyooka mbele kama mpini wa jembe kwa sababu ya plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. Daktari mwenyewe, ambaye siku ile hakuwa ndugu yetu lakini baadaye tulimhesabu kuwa ndugu. Muuguzi wake, mama wa bonde la Ruzizi, aliyesema Kirundi na kila mtu, hata na mifugo. Na mimi, mukamwana wa nyumba hiyo, niliyeshika kamba.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya watoto wao waliozaliwa ukimbizini. Sitayaandika. Wengine wako hai na hawapendi kutajwa pamoja na mbuzi. Shule niliiacha mapema, mara tu nilipojua kusoma barua na kuijibu, kwa hiyo pale maneno yangu yanapokwenda upande mnivumilie.

Wakati ulikuwa wa vita. Vita gani, mtauliza, maana zilikuja zimeshikana mikono kama wasichana wanaotoka shuleni. Nasema ile ambayo barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa, mpaka wa Kavimvira, njia ya Bujumbura, unafunguliwa asubuhi na kufungwa kabla ya chakula cha mchana, na sisi wa mtaa wa Kasenga tulikuwa tumezoea kupika huku viatu viko miguuni. Lakini watu walikuwa wanaoana. Hilo halikusimama hata kidogo. Binti yetu alikuwa amechumbiwa na kijana mwuza chumvi wa Kavimvira, na katika ukoo wao, kama wetu, kuna jambo moja ambalo halina mjadala: binti anatoka nyumbani kwa baba yake kwa miguu yake mwenyewe, amebeba sufuria zake kichwani, na shangazi za mume wamejipanga njiani wanaangalia kama zinang'aa. Wanazishika. Wanajitazama meno humo ndani. Sufuria yenye weusi chini inaongelewa miaka.

Kwa hiyo binti alikuwa ziwani na wenzake, amepiga magoti juu ya mawe, anasugua kwa mchanga na majivu. Risasi zikalia upande wa Kavimvira. Wanawake wote wakaacha vyombo wakakimbia. Yeye akapandanisha sufuria zake kichwani kwanza, ndipo akakimbia. Kufika kwenye mfereji wa maji ya mvua akaruka. Mguu ukatua vibaya, mfupa wa muundi ukakatika kama muwa. Alianguka akiwa amezishika sufuria kwa mikono miwili. Hazikupata hata kibonyeo.

Mama mkwe alipofika alimwangalia mjukuu wake, akaziangalia sufuria, akasema, "Pole mwanangu. Lakini umefanya vizuri."

Pale hospitali daktari hakuwa na vitu vingi. Alikuwa na misumari ya mfupa iliyobaki tangu zamani, ya inoksi, chuma kisichoshika kutu, laini kama sindano. Alitoboa mfupa, akaingiza miwili juu ya pale palipovunjika na miwili chini, ikatokeza nje ya ngozi, akaiunga kwa nje na ufito wa chuma. Sisi tuliita kile kitu ngazi. Wagonjwa wenzake walikuwa wanatundika rozari zao hapo wakienda kuoga. Kwa muda ngazi ilisimama vizuri. Halafu misumari ikaanza kucheza, kidogo kidogo, kama jino la mtoto, na usaha ukaja. Daktari akaitoa yote kwa vidole tu, bila nguvu, uso wake umekunjamana. Akamfunga plasta.

"Plasta itamsaidia kwa muda," alituambia. "Lakini mfupa unaenda upande. Nahitaji misumari yenye mistari, ile mfupa unaweza kuikamata. Na hiyo haipo hapa, haipo Bukavu, na ng'ambo Bujumbura sijapata wa kuniletea."

"Na isipopatikana?" mume wangu akauliza.

"Atapona. Lakini mguu utakuwa mfupi na umepinda. Fimbo haitamwacha."

Ule upande wa chumvi walituma ujumbe mzuri kabisa. Walisema watasubiri, na kama ni lazima, bibi arusi abebwe kwenye kinga, hakuna mtu atacheka. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Muwaambie aksanti. Lakini minye sitatoka kwa baba yangu kama mufuko wa unga. Nitatoka nikitembea ao sitatoka." Nikamjua mjukuu wa bibi yake. Alikuwa anampenda yule kijana, hilo kila mtu aliliona. Hata hivyo neno lile hakulirudisha.

Siku chache baadaye daktari akaja karakana. Nilikuwa nimempelekea mume wangu bugali na ndagala, kwa hiyo niliona mwenyewe. Alikuja kwa miguu, akakaa juu ya motere iliyovunjika, akatoa mfukoni misumari yake laini ambayo haijatumika.

"Baba," akasema, "weye unakata mistari kwenye bulo za kukazia motere. Hizi unaweza?"

Mume wangu aliigonga kwenye etau, ile jiliwa yake ya kubania vyuma, akaisikiliza. "Chuma hiki ni kigumu. Lakini naweza. Unataka mistari ya namna gani?"

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na mimi niliyedhani mstari ni mstari nikajifunza kwamba sivyo. Daktari alichora kwenye kipande cha karatoni la sabuni. Alisema mfupa ni kitu kinachoota. Ukivunjika unatoa mfupa mpya, mwororo kwanza, unatambaa polepole kutafuta pa kushika. "Umeona boga linavyopanda ua wa matete?" akaniuliza mimi, maana nilikuwa nimeacha kuondoka. "Lina vikono vyake vidogo. Kwenye matete linapanda mpaka juu. Lipe chupa lipande, litateleza na kulala chini. Sasa msumari laini ni chupa."

"Basi nikwaruze tu kila mahali," mume wangu akasema.

"Hapana, hapana. Mistari ikibanana sana, mfupa haupati nafasi ya kuingia. Ikiachana sana, unaingia lakini hauna cha kukamata. Na ikiwa na ncha kali inaukata badala ya kuushikilia. Ninajua inavyotakiwa kuwa, nimeiona na nimeiweka kwa watu. Ila sijawahi kuiona imekatwa kwa mkono."

Wakashinda hapo. Mume wangu alikata mistari ya kuzunguka kwa kile kifaa cha bulo, kisha ndani ya kila bonde la mstari akapitisha ncha ya tupa, akiacha mikwaruzo midogo ambayo huioni mpaka uipitishie ukucha. Daktari akaitazama kwa kioo chake cha kukuza. Ya kwanza akasema imebanana. Ya pili, ina ncha. Ya tatu akaigeuza, akasema, "Hii. Nitengenezee kama hii."

Sasa ukoo wetu una ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ni kung'arisha. Mama mkwe alikuwa akisugua hata makufuli. Katika nyumba yake kitu kilikuwa kisafi kama unaweza kujiona humo, na kama hujioni ni kichafu. Mwanawe alikulia hapo. Motere yake ikitoka karakana, hata kama haijawaka, inang'aa. Jioni ile alileta misumari nyumbani ili aipeleke hospitali asubuhi, akaiweka mezani juu ya kitambaa. Mama yake akaja, akainua mmoja, akaupitishia kidole.

"Njo nini hii?" akauliza; "njo" kwetu ni "ndiyo".

"Misumari ya dokta, Mama."

"Hii chuma ya kupasuka-pasuka, njo ataingiza mu mguu ya mutoto yetu?"

"Njo vile anataka."

"Anataka nini? Hakuna muntu anataka kitu kibaya. Alikuomba kwa heshima, akaogopa kukwambia uimalize. Utaenda kumupa kitu ya nusu, kesho bantu ba hospitali banasema huyu njo ajistere wa Kimanga, kazi yake iko hivi?"

Nilimwona mume wangu anavyoikodolea macho ile misumari. Neno la nusu lilimwingia. Akasema, "Nitaipitishia msasa kidogo tu." Mama yake akamletea mafuta na kitambaa, akasimama nyuma yake. Ule msasa kidogo ulichukua jioni nzima. Ilipofika mwisho misumari ilikuwa inametameta kama vijiko vya askofu, na mistari yake imebaki kama kumbukumbu tu. Mama mkwe akaipanga juu ya kitambaa cheupe na kulala kwa furaha.

Asubuhi daktari alifungua kitambaa. Alipitisha ukucha. Akapitisha tena.

"Baba," akasema taratibu, "nilikupa kijiko, ukanitengenezea msumari. Sasa naona umenirudishia kijiko."

Mume wangu alirudi nyumbani amevimba. Mama yake naye akavimba kwa niaba yake, akajifunga kitenge, akaenda hospitali mwenyewe kumwuliza daktari alisoma wapi kwamba uchafu unaponya. Nilimfuata nikihofu. Lakini yule daktari alikuwa na adabu za kwao. Alimpa kiti, akamwita Tate, kama watoto wetu wanavyomwita bibi, akamweleza habari za boga na chupa.

"Nimesikia," akasema mama mkwe. "Lakini minye ninajua hivi: kitu chenye mikwaruzo kinashika takataka. Sufuria ikiwa na mikwaruzo, bugali inakwama humo, inaoza. Sasa mu mwili wa muntu?"

Daktari hakucheka. Alisema, "Tate, hapo umesema kitu. Hilo nami linanisumbua."

"Sasa?"

"Sasa sitaki kuweka chuma kilichokatwa kwa mkono mu mguu wa mjukuu wako kabla sijaona mfupa unavyokipokea. Na sina mahali pa kuona."

Mahali pakajitokeza penyewe. Mama mkwe alikuwa na mbuzi jike, aliyewekwa kwa ajili ya arusi. Alikuwa na tabia ya kupanda juu ya kila kitu. Wiki ile ile alipanda ukuta wa jirani, kamba ikamkwamisha, akaanguka na mguu wa nyuma ukavunjika. Jirani akaja na kisu tayari, kwa msaada mwema. Mume wangu akamwangalia mbuzi, akamwangalia mama yake, akasema, "Usichinje. Nenda ukamwite dokta."

Walimtengenezea mbuzi ngazi yake chini ya mti wa mpapai nyuma ya nyumba. Dawa ya usingizi daktari alimpa kidogo. Yule muuguzi wa bonde, aliyekulia na mbuzi, alimshika kichwa akimwambia, "Mpore, mpore," ambayo kwa Kirundi ni pole, na mbuzi akaonekana kuelewa. Mfupa ulipata misumari miwili. Wa juu ulikuwa ule wa kung'aa wa mama mkwe, kwa sababu alikataa mbuzi wake aingizwe kitu kichafu peke yake. Wa chini ulikuwa mpya, mume wangu aliukata tena kwa mikwaruzo yake. Nje wakaiunga kwa kipande cha mwanzi na mpira wa kinga.

"Tutaona," mama mkwe akasema.

"Tutaona, Mama," mwanawe akasema.

Kasenga nzima ilikuja kuona mbuzi mwenye ngazi. Watu walikuwa na mambo mengi ya kuhuzunisha siku zile, na nadhani ndiyo maana walikuja. Walichagua upande. Wanawake wa ziwani walikuwa wa msumari unaong'aa. Mafundi wa kinga na wa redio wote wakawa wa mikwaruzo. Waliniuliza kila siku sokoni: "Na mgonjwa wenu?" Wala hawakuwa wanamwulizia binti yangu. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Miguu yangu miwili haijawahi kuulizwa hivi." Alikuwa anakaa karibu na mbuzi mchana kutwa, plasta moja hapa, mwanzi mmoja pale, wanakula majani ya viazi vitamu, mmoja mabichi, mwingine yaliyopikwa.

Halafu vita vikakumbuka kwamba tupo. Risasi zikaja karibu kuliko kawaida, na mji wote ukashika njia ya kusini, upande wa Kalundu. Tulikuwa na kinga moja. Mume wangu akamweka binti nyuma. Mama mkwe akasimama katikati ya ua.

"Na mbuzi?"

"Mama, mbuzi ataangaliwa na Mungu."

"Mungu yuko na kazi mingi leo. Mubebe."

Tulimbeba. Binti nyuma ya kinga, mbuzi mapajani mwake, amekumbatiwa kama mtoto mchanga, mume wangu anasukuma, mimi nina godoro na sufuria za arusi, mama mkwe anakwenda ubavuni ameshika mwanzi wa mguu wa mbuzi usitikisike. Katika msongamano ule, watu wenye mizigo yote ya duniani, mtu mmoja akapaza sauti: "Angalieni, hata mbuzi wa Kasenga anakimbia na hospitali yake!" Watu wakacheka. Nimeona mambo mengi katika kukimbia kwangu, lakini kicheko kile, barabarani pale, bado ninakisikia.

Tulilala kwa watu Kalundu mpaka pakatulia, tukarudi. Nyumba ilikuwepo, mlango haukuwepo. Mwanzi wa mbuzi ulikuwa umelegea, na tulipoangalia, msumari wa juu, ule unaong'aa, haukuwepo. Umepotea njiani. Mume wangu alifungia mguu vipande vya mwanzi pande zote, tukaenda hospitali. Hiyo ndiyo siku niliyoanza nayo.

Daktari alimkagua mbuzi pale uani. Alisikitika sana.

"Huu wa juu ulitokaje?"

Hakuna aliyejua. Mume wangu akasema njia ilikuwa mbaya, watu walisukumana, labda ulivutwa na kamba ya mzigo wa mtu.

"Ukivutwa kwa nguvu, hata mzuri unatoka," daktari akasema. Akasugua uso wake. Alikuwa amechoka, wagonjwa walikuwa wengi. "Basi hatuna kipimo. Nina msumari mmoja uliobaki na mmoja sijui ulitoka kwa sababu gani. Siwezi kwa hilo kuufungua mguu wa mtoto." Akamgeukia binti yangu. "Pole, dada. Tuendelee na plasta."

Binti akainama. Aliangalia mguu wake tu, kidole gumba kinachotokeza kwenye plasta akakichezesha. Nilijua anahesabu nini: mlango wa baba yake, njia, shangazi.

Ndipo mama mkwe akakohoa. Akashika ncha ya kitenge chake, pale wanawake tunapofungia pesa, akafungua fundo polepole, akatoa kitu. Msumari. Ulikuwa unang'aa bado.

"Haukuvutwa," akasema.

Daktari akasogea auone.

"Ilikuwa kwenye daraja. Niliushika tu ili usitikisike. Nimeushika hivi, kwa vidole viwili." Akaonyesha. "Ukatoka wenyewe, kama kijiko mu uji. Hata mbuzi hakusikia." Akaunyoosha mkono kwa daktari bila kumwangalia mwanawe. "Nilitaka kuurudisha mu tundu lake. Ukaingia, ukatoka tena. Njo hivyo. Wangu ulitoka."

Mume wangu, ambaye angeweza kusema maneno mengi, alisema tu, "Aksanti, Mama."

Daktari akachuchumaa. Akaushika ule wa chini, wa mikwaruzo, kwa koleo. Akavuta. Akavuta tena. Mbuzi akageuza kichwa akamwangalia kama mtu anayeulizwa swali la kijinga. Daktari akaongeza nguvu, na badala ya msumari kutoka, sehemu yote ya nyuma ya mbuzi ikaanza kuinuka kutoka ardhini. "Mpore, mpore, mpore!" muuguzi akapiga kelele, hatukujua anambembeleza mbuzi au daktari. Mimi niliachia kamba. Binti yangu alicheka huku machozi yanatoka.

"Umeshika," daktari akasema. "Mfupa umeingia humo ndani kabisa."

Lakini hakusimama. Alibaki ameinama, akafungua manyoya taratibu kwa vidole, akamwita mama mkwe. "Tate, njoo uone." Pale msumari wa mikwaruzo ulipotokea nje, ngozi ilikuwa nyekundu na imechubuka, na uchafu umejaa kwenye mistari. Kwenye tundu la juu, la msumari wake ulioanguka, ngozi ilikuwa kavu na safi.

"Unaona? Mu mfupa, mtoto wako njo alishinda. Mu ngozi, umeshinda weye. Ngozi haitaki kukwaruzwa. Nilisoma hivyo, lakini hapa tulikata mistari mpaka nje kwa sababu tulikuwa na haraka."

Mama mkwe alijinyoosha mgongo wote. "Niliwaambia kuhusu bugali."

"Uliniambia."

Basi misumari ya binti yangu ilitengenezwa na watu wawili. Mume wangu alikata mistari na mikwaruzo sehemu ile tu inayokaa ndani ya mfupa. Daktari alipima kwenye picha ya mguu, akaweka alama. Sehemu inayopita kwenye ngozi na kutokeza nje ilikwenda kwa mama mkwe. Aliifanyia kazi kwa msasa mwororo, kisha majivu yaliyochekechwa, kisha kitambaa, amekaa mlangoni pasipo mlango, na sehemu ya mikwaruzo ameifunga kwa kitambaa ili mkono wake usisahau. Alikuwa anaipa mgongo mikwaruzo ile. Muuguzi akaichemsha yote kwenye sufuria yao ya mvuke. Daktari akaunyoosha mfupa, akaiweka.

Sasa ilikuwa ni kungoja. Kila asubuhi binti alikuwa anagusa misumari yake, mmoja mmoja, kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu kama mlango umefungwa. Haikucheza. Mvua zikaja, zikaenda. Haikucheza. Mama mkwe alipita kila siku kuifuta ile sehemu yake, akimwambia daktari anayekutana naye, yeyote, hata wa meno, "Hii njo kazi yangu."

Siku ya kuitoa, daktari aliishika kwa koleo, akajisahau, akavuta. Haikwenda. Mume wangu, aliyekuwa amesimama hapo na mfuko wake wa vyombo kwa bahati tu, alisema, ingawa hakuna aliyemwomba, "Dokta, kitu chenye mistari hakivutwi. Kinafunguliwa." Daktari akacheka, akampa nafasi ya kumtafutia ufunguo unaotosha. Wakauchemsha ule ufunguo kwanza. Msumari ukazunguka, ukazunguka, ukatoka na unga mweupe wa mfupa kwenye mikwaruzo yake. Daktari akautazama muda mrefu kwa kile kioo. Kisha akamwambia binti, "Simama."

Akasimama. Akayumba kidogo, akatafuta mkono wa bibi yake, halafu akauachia.

Alitoka kwa baba yake asubuhi yenye jua, sufuria zimepangwa kichwani kutoka kubwa mpaka ndogo, njia nzima ya ua mpaka barabarani, na huko shangazi wa upande wa chumvi wamejipanga. Walizishusha, wakajitazama meno, wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja wao, mkali kuliko wote, akainama akainua kidogo ncha ya kitenge cha bibi arusi, akaangalia makovu madogo ya duara. Akauliza, "Na haya?"

"Hayo hayakung'arishwa," mama mkwe akajibu kwa sauti ya juu, "njo maana anatembea."

Mbuzi hakuchinjwa. Mama mkwe alisema hawezi kumla mtu aliyekimbia naye. Alinunuliwa mwingine, na yule wetu alikuja kwenye arusi kwa miguu yake, akala maua ya kiti cha bwana arusi.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Mimi nasema mguu wa mbuzi ulikuwa wa kushoto. Mume wangu alisema wa kulia mpaka siku alipotuacha, na hatukukubaliana. Binti yangu anasema mvua zilikuwa bado wakati misumari inatolewa. Kama ulikuwa kwenye ile njia ya Kalundu, au ulikuja nyuma ya nyumba yetu kumtazama mgonjwa, na ukaona nimeweka jambo mahali siyo lake, njoo uniambie. Bado niko Kasenga, na sufuria zangu ziko nje zinakauka.